Nicodemus na Jina la Utumbo

Zamani chakula kilikuwa na jina moja na kila aliyekila alijua amekula nini. Siku hizi mtu anatafuna neno asilolijua, katika nchi isiyo yake, na akiulizwa anajibu kwamba ni tamu.

Ninaandika haya kwa sababu ya Nicodemus, mtu wa Mbinga, ambaye alichoma utumbo wa kondoo mbele ya cherehani yangu katika soko la Yeoville, Johannesburg, na ambaye nusura akose mke kwa sababu ya jina la utumbo huo. Waliomjua watasema hakuna cha kuandika. Hakuwa mwanasiasa wala mchungaji, na hakuna mtu maarufu aliyewahi kupiga naye picha. Lakini wanasiasa na wachungaji wana waandishi wao. Nico ana mimi, fundi cherehani niliyeishia darasa la saba na mengine nikajisomea kwenye vitabu vinavyouzwa barabarani juu ya gunia, vile ambavyo watoto wa siku hizi hununua ili waweke chini ya mguu wa meza inayoyumba.

Nico aliingia Johannesburg wakati ule Watanzania tulikuwa wachache, tukijuana kwa majina na kwa vijiji. Ukimwona mwenzako ng'ambo ya barabara unavuka, mnasalimiana mpaka mnaulizana habari za ng'ombe. Leo tuko wengi na kila mmoja anatazama simu. Kazi yake ya kwanza ilikuwa kulinda magari nje ya maduka. Kampuni ilimpa shati la mlinzi aliyefukuzwa, na kifuani limeshonwa jina la huyo aliyefukuzwa: Clinton. Nico aliomba jina libadilishwe. Msimamizi akamwambia uzi umekwisha. Basi miaka yote aliyolinda magari aliitwa Clinton, na mara moja alikamatwa na kuhojiwa kwa deni la Clinton. Mkewe, aliyebaki Mbinga, alipiga simu ofisini kumtafuta Nicodemus, akaambiwa hakuna mtu wa jina hilo. Baadaye akaolewa na dereva wa lori la kahawa. Sisemi ni kwa sababu ya simu hiyo, lakini haikusaidia.

Alipochoka kuwa Clinton akaenda Fordsburg, akapata kazi ya kuosha vyombo kwa Mturuki mmoja aliyeitwa Tuncay. Jina hili husomwa Tunjai. Hapo Fordsburg hakuna aliyejisumbua kulisoma hivyo. Wenye maduka walimwita Johnny, wateja walimwita Bosi, na mtu wa benki alimwita Bwana Tunkei. Nico ndiye pekee aliyeuliza, "Samahani, jina lako hasa linatamkwaje?" Tuncay akaacha kisu, akamtamkia polepole, akamfanya alirudie. Kuanzia siku hiyo Nico hakuosha tena vyombo. Akafundishwa utumbo.

Chakula chenyewe ni hiki. Unachukua utumbo mwembamba wa kondoo, unaugeuza ndani nje kama mkono wa shati, unauosha mpaka maji yatoke kama yalivyoingia. Unachomeka kwenye chuma kirefu vipande vya mafuta na nyama laini za ndani, halafu unauzungusha utumbo juu yake, raundi kwa raundi, ukiukaza, mpaka chuma chote kivae kama mguu uliofungwa bendeji. Unakilaza juu ya mkaa, unakizungusha taratibu. Kikiiva unakikata, unakatakata kwa visu viwili juu ya ubao pamoja na nyanya, pilipili, binzari nyembamba na majani makavu yanayonukia, unajaza ndani ya nusu mkate. Hao Waturuki hukila wamesimama barabarani. Wanakiita kokoreç, na hiyo herufi ya mwisho yenye kijimkia husomwa "ch".

Mama yake Tuncay alipougua, Tuncay aliuza duka akarudi kwao Izmir. Chuma na visu alimwachia Nico, na hakutaka kitu isipokuwa ahadi moja.

"Jina usilibadilishe," alimwambia. "Ukiita utumbo wa kuchoma, watakula utumbo. Ukiita kwa jina lake, watakula kokoreç. Wewe na mimi tunajua ubaya wa kuitwa jina la mtu mwingine."

Nico akaahidi. Angeweza kuahidi hata kubadili dini siku ile, alikuwa analia.

Ndipo alipokuja Yeoville, akapanga kibanda kati ya cherehani yangu na saluni ya Murielle, msusi kutoka Bukavu. Alimpa mchora vibao bati aandike KOKOREÇ. Mchora vibao hakuwahi kuona herufi yenye mkia, akadhani ni alama ya mkato iliyoteleza, akairekebisha vizuri mahali pake. Bati likasomeka KOKOREC, na mkato mkubwa mwekundu mwishoni.

"Fundi," Nico aliniuliza, "hiki kijidude kinasumbua?"

"Kinasumbua," nikamwambia. "Mtu akisoma hapo anasubiri uendelee kusema."

Hakuwa na pesa ya kuchora upya. Akalitundika hivyo hivyo.

Ugomvi ukaanza siku hiyo hiyo. Watanzania waliopita walisoma nusu ya kwanza tu, maana nusu ya pili hawakuielewa. Na sisi kwetu, koko tunayoijua ni moja: mbwa koko, yule wa jalalani asiye na mwenyewe. Kijana wa Tanga alisimama, akaangalia chuma kilichovingirishwa utumbo, akaangalia bati, akaangalia tena chuma. Akaenda zake, na kufikia jioni Watanzania wote wa Yeoville walijua kwamba Nicodemus anachoma mbwa.

Wakongo walisikia lao. Murielle alitoa kichwa saluni na kitana kikiwa mdomoni.

"Papa Nico," akasema, "kwa Lingala koko ni nkambo, baba ya baba. Sasa hapa ni koko ya nani unachoma?"

"Ni kondoo, Murielle."

"Kondoo ya koko ya nani?"

Na wenyeji wa hapa nao wana koko yao, kwa sababu katika nchi hii kila kabila lina neno lake na yote yanafanana wakati usiofaa. Kwa Setswana koko ni bibi. Hilo ndilo lililoleta matatizo makubwa kuliko ya mbwa, kwa sababu ya mwanamke mmoja aitwaye Hedwiga.

Hedwiga alizaliwa Songea, akasomea unesi Morogoro, na huko akaolewa na mkimbizi wa Afrika Kusini aliyekuwa akiishi kambini pamoja na wapigania uhuru wenzake. Uhuru ulipokuja akamfuata mume kwao, akajifunza lugha za wakwe, akazaa, akazika mume. Mumewe alikuwa Mtswana, kwa hiyo wajukuu nyumbani wanamwita Koko. Kiswahili wanakisikia ila hawakijibu. Bibi anaongea Kiswahili, wao wanajibu Kizulu, na paka anaongeleshwa Kiingereza. Lakini kwetu sisi Watanzania, Hedwiga alikuwa ndiye mkuu wa kikundi cha kuzikana. Kwenye msiba alichopika yeye ndicho kilicholiwa, na alichokikataa hakikupita mlangoni. Wanawake walimwogopa, na wanaume waliogopa wanawake wao.

Nico alimpenda mwanamke huyu. Alianza kumpenda msibani, alipomwona akimrudisha mtu jikoni akaoshe upya matumbo ya ng'ombe kwa sababu yalikuwa na mchanga. Aliniambia, "Fundi, mwanamke anayejua utumbo mchafu kwa kuutazama tu, utampata wapi tena?" Alipeleka salamu, akapeleka kitenge, akapeleka mshenga, ambaye ni mimi. Hedwiga hakukataa. Alisema atafikiri. Kwa mwanamke yule, kusema atafikiri kulikuwa sawa na mwingine kununua pete.

Halafu likatundikwa bati.

Niliitwa nyumbani kwake. Alinikaribisha chai, na kwa jinsi alivyoweka kikombe mezani nikajua sikuitiwa chai.

"Fundi, wewe ndiye uliyekuja kumsemea yule bwana."

"Ndiyo, Mama Lerato."

"Nenda ukamwambie hivi. Mimi sikai meza moja na mwanamume anayelisha watu kitu kinachoitwa mbwa koko. Sijasema ni mbwa. Najua ni kondoo, nimeuliza. Lakini nikiolewa naye, nitaitwa mke wa mbwa koko mpaka nife, na wakinizika watasema hivyo hivyo. Abadilishe jina, halafu aje."

Binti yake Lerato alikuwa amekaa kwenye kochi na simu. Bila kuinua macho akasema kwa Kiswahili chake cha kuokoteza, "Eish, Ma. Si dog. Huyo baba ameandika Koko kwa sababu ya wewe. Watu wote wanajua."

Mkono wa Hedwiga ukaenda kwenye kilemba, akakirekebisha ingawa hakikuwa kimelegea. Mimi ni mzee, nimeona wanawake wengi wakirekebisha vilemba.

Nilipomfikishia Nico ujumbe, alikaa juu ya ndoo.

"Siwezi kubadilisha," akasema. "Nilimwahidi Tuncay."

"Tuncay yuko Izmir. Hedwiga yuko hapo nyuma ya kituo cha teksi."

"Fundi, watu waliniita Clinton na nikanyamaza, mpaka mke wangu akaambiwa sipo. Sitalifanyia jina la mtu hivyo."

Hapo nikajua hakuna hoja itakayomtoa ila hoja ya kisomi, na Yeoville nzima hakuna mwenye subira ya kusoma isipokuwa mimi. Nikamwambia: ahadi ulimpa Mturuki kwa sababu jina ni la Mturuki. Kama si la Mturuki, hakuwa na haki ya kukufunga nalo. Nico akasema hilo lina mantiki, nami nikaanza kutafuta.

Upande wa kusini kulikuwa na Mgiriki mzee mwenye duka la mikate. Nilimwandikia neno kwenye karatasi. Alilisoma, akavaa miwani, akalisoma tena.

"Nani amekuambia hiki ni cha Waturuki?"

"Mturuki."

"Ni chetu. Tunakichoma Pasaka. Sisi tunasema kokoretsi."

"Kwa hiyo jina ni la Kigiriki."

Akasitasita. Alikuwa mtu mkweli, jambo ambalo siku hizi hulikuti madukani. "Mke wangu," akasema, "Mungu amrehemu, kwao walikuwa na asili ya Albania. Alikuwa akisema jina ni la Waalbania. Tuligombana juu ya hilo kila Pasaka."

Nikaenda maktaba, nikafungua vitabu ambavyo hakuna aliyevigusa tangu vikabidhiwe. Nilichokuta ni kwamba wanaojua hawakubaliani. Wapo wanaosema Mturuki alilitoa kwa Mgiriki, Mgiriki kwa Mwalbania, na wapo wanaosema huko mbele zaidi liko karibu na neno la watu wa Balkani la gunzi la mahindi, kwa sababu chuma kilichovikwa utumbo kinafanana na hindi lililomenywa. Hakuna mwenye uhakika. Kila mmoja anasema aliupokea utumbo kutoka kwa jirani, na jirani anasema alilipokea jina kutoka mlango wa pili.

Mahindi yalinifurahisha. Nilirudi sokoni nikamwambia Nico, "Jina huna haja ya kulibadilisha. Litafsiri. Kutafsiri si kubadilisha, ndivyo hata Biblia ilivyotufikia." Kwa mkono wangu mwenyewe nikaandika kwenye boksi, kwa herufi nzuri: MHINDI WA KUCHOMA WA KITURUKI. Tukalifunga juu ya bati kwa kamba.

Wa kwanza kulisoma alikuwa Hashim, mwenye bucha Fordsburg, aliyekuwa akimletea Nico utumbo. Hashim ni Mhindi, mama yake mzazi alizaliwa Unguja, na Kiswahili anakijua kutuzidi baadhi yetu. Alishuka kwenye baki yake, yaani pikapu, na ndoo mbili, akasoma kibao, akaweka ndoo chini, akasoma tena.

"Nico," akauliza kwa upole, "bei ni ya kilo, au ya mtu mzima?"

Kabla sijaeleza mambo ya Balkani, Hedwiga akatokea na kikapu akielekea kununua mchicha. Alisimama nyuma ya Hashim. Alisoma.

"Juzi mbwa," akasema. "Leo Mhindi. Kesho mtamchoma nani, Fundi?"

Akaenda zake. Hashim alicheka mpaka akashika mlango wa gari. Nikalikata boksi kwa mkasi wangu wa kitambaa, nikaharibu makali yake.

Ilibaki kumpigia Tuncay. Tuliweka simu juu ya meza yangu ya kukatia, Nico akiogopa hata kuisogelea. Nikamweleza yote: mbwa, babu, bibi, Mgiriki, Mwalbania, gunzi.

"Mgiriki gani huyo?" Tuncay akauliza kutoka huko aliko. "Mpe simu."

"Hayupo hapa."

"Mwambie hata kahawa wanasema ni yao."

"Bwana Tuncay, hoja yangu ni hii. Kama jina si lenu, Nico anaweza kuachiliwa ahadi yake?"

Nyuma yake tulisikia visu viwili vikigonga ubao, ka-ta-ka-ta, mtu akikatakata.

"Fundi," akasema, "jina langu pia si letu. Babu yangu alilisikia kwa mtu mwingine akalipenda. Lakini hapo Fordsburg lilikuwa langu, na aliyelitamka ni mmoja. Mwambie afanye anavyotaka. Mimi sitamdai."

Simu ikakatika. Nilimgeukia Nico nikitabasamu. "Umeachiliwa."

"Sijaachiliwa," Nico akasema. "Umesikia alivyosema? Angenigombeza ningebadilisha. Sasa nitabadilishaje?"

Nilikaa kwenye cherehani yangu nikashona pindo la suruali ya mtu, nikaikaza mpaka sindano ikavunjika.

Ikabaki njia moja, ile aliyoifungua Lerato bila kujua. Kama Hedwiga anaamini jina ni lake, muache aamini. Mimi na Murielle tulimkalisha Nico katikati yetu.

"Akikuuliza, sema ndiyo," nikamwambia. "Neno moja tu."

"Papa Nico," Murielle akasema, "mwanamuke kuandikwa jina yake ku bati, mbele ya soko yote, ni kitu kubwa. Miye bwana yangu hajaniandikaka hata ku karatasi ya sabuni."

"Lakini si kweli."

"Nani anakuuliza kweli?" Murielle akasema. "Anakuuliza ndoa."

Jumapili baada ya misa, soko likiwa limejaa, Hedwiga alikuja. Hakuja na kikapu. Alivaa gauni nililomshonea mwenyewe, la bluu, lenye mikono mirefu kama yalivyokuwa magauni wakati watu walipokuwa na heshima. Nyuma yake alifuata Lerato, na nyuma ya Lerato wanawake wa kikundi cha kuzikana, kwa mwendo ule ule wanaoutumia makaburini.

"Nicodemus."

"Naam, Mama Lerato."

"Binti yangu anasema jina lile umeliandika kwa ajili yangu. Wenzangu hawa wanasema ni la mbwa. Nimekuja kukuuliza wewe mwenyewe mbele ya watu, ili lisije likageuzwa mitaani. Ni langu, au ni la mbwa?"

Mimi nilikohoa. Murielle alitikisa kichwa juu chini kwa nguvu mpaka mteja wake, aliyekuwa ameshikwa nywele, akatikisika naye. Nico alifuta mikono kwenye aproni. Alitazama bati.

"Si lako, mama," akasema. "Wala si la mbwa. Ni la watu wa huko mbali, na wao wenyewe wamegombana hawajui ni la nani. Mimi nililikuta."

Murielle aliegemea mlango wa saluni akafunga macho.

"Kwa hiyo," Hedwiga akasema, "ulipoandika hukuwa unanifikiria mimi."

"Nilikuwa nafikiria utumbo."

Soko lilicheka. Hata wauza viatu vya mitumba waliacha kuita wateja. Nico akangoja wanyamaze, na kwa aibu kubwa akaongeza, "Wewe nakufikiria nikifunga kibanda."

Hedwiga hakucheka. Alimtazama muda mrefu kama anavyotazama sufuria ya watu wengine.

"Nipe nusu mkate," akasema.

Nico alikata, akakatakata, kisu kimoja kikamponyoka. Alimpa. Akala amesimama, wanawake wa kikundi wakimtazama taya. Alitafuna kwa haki, hakuruka kitu. Alipomaliza akajifuta kwa kitambaa.

"Aliyeuosha nani?"

"Mimi."

"Mara ngapi?"

"Mpaka maji yatoke kama yalivyoingia."

"Hamna mchanga," Hedwiga akawaambia wenzake, na pale pale watu wakaanza kupanga foleni. Kisha akamgeukia Murielle. "Dada, una rangi ya kucha?"

Murielle akamletea chupa nyekundu. Hedwiga akapanda juu ya ndoo ya Nico, Nico akiishika isianguke, na baada ya ule mkato wa mchora vibao akaandika taratibu, kwa mwandiko wa nesi, maneno mawili. Alipoteremka bati lilisomeka:

KOKOREC, SI MBWA

"Jina la Mturuki sijaligusa," akasema. "Nimemalizia sentensi."

Walioana kanisani mwezi uliofuata. Suti ya Nico niliishona mimi, na ndiyo suti ya mwisho niliyoshona. Baada ya hapo watu waliniletea zipu tu. Tuncay alituma sauti yake kwa simu ikaimba wimbo mrefu wa kwao, na padri akavumilia.

Lakini biashara ilikufa. Kabla ya hapo ni Watanzania tu waliokuwa na wasiwasi wa mbwa. Sasa kila mtu alipata wasiwasi. Mkenya mmoja alisoma akauliza, "Hapa kumeandikwa si mbwa. Kwani nani alikuwa amesema ni mbwa?" Wenyeji wasiojua Kiswahili walimwuliza Lerato maana yake, Lerato akawatafsiria kwa uaminifu, wakarudisha mikate. Nilimshauri Hedwiga afute. Alisema hawezi kufuta ukweli ili apate wateja, na nilipomtazama mumewe niliona anafurahi hivi kwamba hata njaa haoni.

Basi wakahama. Hedwiga alikuwa na hoja nzuri. Rosettenville, akasema, kuna Wareno na Waangola na watu wa Msumbiji. Hao hawajui mbwa koko, hawana koko babu, hawana koko bibi. Jina litasimama peke yake na halitamuudhi mtu. Walichora bati jipya kwa mchora vibao aliyejua mikia ya herufi, wakapakia chuma, visu na ndoo kwenye baki ya Hashim wakaenda.

Haukupita muda, mteja wa Maputo aliniletea suruali yenye zipu mbovu, nikamsimulia habari za rafiki yangu wa Rosettenville ili nijivunie. Nilipotaja jina aliniomba nilirudie. Nikalirudia. Alikaa chini sakafuni, juu ya vipande vya vitambaa, akacheka bila sauti. Kisha akanieleza koko ni nini katika Kireno. Ni neno la watoto wadogo. Ni kile ambacho mtoto hukifanya kwenye nepi.

Jumamosi hiyo hiyo nilifunga cherehani, nikapanda teksi kwenda kusini. Njia nzima nilitafuta maneno ya kumwambia mwanamke yule.

Nilikuta foleni imefika mpaka kwenye robot, ndivyo huku wanavyoziita taa za barabarani. Watu wanapiga picha chini ya bati, wanatumiana, wanacheka, na wakishacheka wananunua, na wakishanunua wanarudi kwenye foleni. Hedwiga alikuwa kwenye stuli anapokea pesa.

"Fundi," akasema, "umekuja kutuambia."

"Mmeshajua."

"Siku ya kwanza. Mama mmoja wa Kireno alimziba mtoto wake macho. Nikamwambia huyu mume wangu, sasa basi, badilisha, hata Mturuki mwenyewe atakuelewa. Unajua alinijibu nini?"

"Nini?"

"Akasema hawa angalau wamekaribia. Akasema kabla hajauosha, ndicho kilichomo."

Nico, nyuma ya moshi, aliinua kisu kunisalimu. Alikuwa amenenepa. Walinilisha, wakanikatalia pesa yangu, wakanifungia mkate mwingine kwenye gazeti, tukaongea habari za nyumbani, kwamba wanajenga Mbinga na kwamba mimi nije nikashone mapazia. Niliporudi tena baada ya mvua kubwa, mahali pao palikuwa pa mtu anayetengeneza vioo vya simu, na hakujua waliokuwepo ni akina nani. Alisema alisikia wamerudi kwao. Kwa hiyo mara ya mwisho niliyowaona ni ile Jumamosi. Nilisimama ng'ambo ya barabara nikisubiri teksi, gazeti linanichoma mkono kwa joto. Nico alikuwa ameinama anachochea mkaa. Foleni ilikuwa imelegea kidogo, na Hedwiga, ambaye hakutaka jina lile litamkwe hata mezani kwake, alisimama kwenye stuli akaweka mikono mdomoni akaliita kwa sauti ya makaburini, mara tatu, na ile "ch" ya mwisho akaitoa sawasawa kama alivyofundishwa. Barabara nzima ikaangua kicheko. Yeye akaita tena.